Asali ya kipakiti, unga wa mizizi na mgonjwa wa presha: ndani kuna nini hasa?

Kaunta_Pili ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Shikamooni wakubwa.

Swali hili ni la watu wa dawa, wa maabara na wa wodini. Mitaa yetu imejaa asali za vipakiti, kahawa za unga "za wanaume", vidonge vya boksi la kidonge kimoja kimoja, na unga wa mizizi unaouzwa kwa jina la vumbi la Kongo. Vyote huuzwa kama vya kuongeza nguvu za kiume, na vimeandikwa "asilia asilimia 100" na "hakuna madhara".

Chukulieni mgonjwa wa namna hii, maana ndiye anayekuja kaunta kila wiki: mwanamume wa miaka 58, ana presha, anatumia amlodipini 10 mg na atenololi 50 mg kila siku, na tamsulosini 0.4 mg usiku kwa ajili ya tezi dume. Anataka kujua kama anaweza kutumia asali ya kipakiti kwa sababu "hiyo si dawa, ni chakula".

Ukimwambia "usitumie" bila hoja, anaondoka na kwenda kununua kwa machinga wa pili. Naomba hoja yenyewe. Ndani ya vitu hivi kunakutwa nini? Vinagonganaje na dawa zake? Na hapa dukani, bila maabara, kuna namna ya kuvitambua?

---

Mfamasia_wa_Zamu:

Ndugu yangu, anza na kitu kimoja: muulize mgonjwa kinachukua muda gani kufanya kazi. Akikwambia "nusu saa, saa moja hivi, na kesho yake bado kipo", ameshakujibu. Mkuyati, mukombero, tangawizi, alkasusu, supu ya pweza, hakuna hata kimoja kinachofanya kazi kwa saa ya ukutani namna hiyo. Saa hiyo ni ya sildenafili au tadalafili. Sildenafili, ambayo ndiyo Viagra, huanza ndani ya dakika 30 hadi 60 na nusu yake huondoka mwilini kwa takriban saa 4. Tadalafili, yaani Cialis, nusu yake hukaa saa 17 na nusu, ndiyo maana nguvu yake inaweza kufika saa 36. Chakula cha mafuta mengi huchelewesha sildenafili kwa karibu saa nzima, na hapo ndipo mtu anaposema "hiki hakifanyi kazi" na kufungua kipakiti cha pili.

Takwimu za Marekani zinaonyesha ukubwa wa jambo. Kati ya 2007 na 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilitangaza virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa zisizotajwa kwenye lebo. Kati ya hivyo, 353 vilikuwa vya nguvu za kiume, zaidi ya kundi lingine lolote, vikapita hata vya kupunguza unene. Sildenafili peke yake ilikutwa ndani ya 166. Na Julai 2022 FDA iliziandikia barua za onyo kampuni nne zilizokuwa zikiuza asali za aina hiyo hiyo unayoitaja, kwa sababu ndani yake mlikuwa na sildenafili au tadalafili.

Sasa, sildenafili yenyewe si sumu. Ni dawa nzuri, imepita majaribio, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na inauzwa famasia kwa cheti cha daktari. Kidonge chake kina 25, 50 au 100 mg, na haitumiki zaidi ya mara moja kwa siku. Ubaya wa kipakiti ni kwamba mtu anakunywa dawa bila kujua kuwa ni dawa, bila kujua kiasi, na daktari anayemtibu naye hajui. Mgonjwa wako akiambiwa "hii ni Viagra" atauliza kuhusu presha yake. Akiambiwa "hii ni asali" hana cha kuuliza.

Nikija kwenye orodha ya dawa zake.

Amlodipini: sildenafili ikiongezwa juu yake, presha hushuka zaidi kwa wastani wa 8 juu na 7 chini. Kwa mtu aliyetulia kwenye 140/85 hilo linavumilika.

Tamsulosini: hapa pana kazi. Hii na ndugu zake, doksazosini na prazosini, hulegeza misuli ya tezi dume na shingo ya kibofu, lakini hulegeza na mishipa ya damu. Akiongeza sildenafili, presha inaweza kuporomoka hasa anaposimama ghafla. Ndiyo yule mzee anayeamka usiku kwenda haja ndogo, anaanguka mlangoni na kuvunjika nyonga. Doksazosini na prazosini ni kali zaidi kwa jambo hili kuliko tamsulosini. Daktari akimwandikia mtu wa namna hii sildenafili huanza na 25 mg, tena baada ya kuhakikisha mwili wake umeizoea dawa ya tezi. Kipakiti hakianzi na 25 mg. Kuna bidhaa zilizopimwa zikakutwa na zaidi ya kiwango cha juu cha kidonge halali, na nyingine zina sildenafili na tadalafili kwa pamoja.

Atenololi: yenyewe haigombani na sildenafili, ila inaweza kuwa ndiyo iliyochangia kumpunguzia nguvu za kiume. Wengine watalieleza hilo.

Hatari kubwa kuliko zote ni dawa ambayo haimo kwenye orodha yako, kwa hiyo lazima umuulize: naitreti. Ni kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, gliserili trinaitreti, na vidonge vya isosobaidi vya kila siku. Ukielewa kwa nini, utaweza kumweleza mtu yeyote. Mwili hulegeza mishipa kwa kutuma ujumbe wa kikemikali, kisha kimeng'enya kiitwacho PDE5 huufuta ujumbe ule. Sildenafili humfunga mikono mfutaji. Naitreti huongeza ujumbe. Ni kama kufungua bomba lote huku tundu la kutolea maji limezibwa: mishipa ya mwili mzima inalegea kwa wakati mmoja, presha inashuka hadi moyo wenyewe unakosa damu. Kidonge kilichowekwa chini ya ulimi kuokoa moyo ndicho kinachomuua.

Kanuni ya hospitali: naitreti isitolewe ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, wala ndani ya saa 48 baada ya tadalafili. Kipakiti kisichojulikana kihesabu saa 48 kwa uchache.

---

Benchi_la_Maabara:

Nimjibu kuhusu kutambua. Kwa macho, ulimi au pua, haiwezekani. Kuna maelezo yanayozunguka kwamba ukiweka asali kwenye maji, au ukiichoma kwa kiberiti, au ukiacha chungu waje, utajua kama "imechakachuliwa". Hayo, hata yangekuwa kweli, yangekuonyesha maji au sukari iliyoongezwa. Miligramu 80 za sildenafili ndani ya gramu 15 za asali ni kama nusu ya asilimia moja. Haibadilishi rangi, haibadilishi namna asali inavyomiminika, na uchungu wake hufunikwa na utamu.

Maabara hufanya hivi. Unachukua kama gramu moja, unaiyeyusha kwenye mchanganyiko wa methanoli na maji, unaitikisa kwenye bafu la mawimbi ya sauti, unachuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha unaipitisha kwenye mashine ya HPLC, ile inayotenganisha kemikali kwa muda unaotofautiana wa kupita kwenye safu. Unalinganisha na sampuli halisi ya sildenafili. Muda ukilingana na umbo la mwanga uliofyonzwa likilingana, umeipata.

Hapo ndipo wachakachuaji walipotangulia hatua moja. Kwa kuwa maabara zilitafuta sildenafili, wao wakaanza kuweka binamu zake. Homosildenafili ni sildenafili iliyoongezwa kikundi kimoja kidogo cha kaboni: uzito wa molekuli unatoka 474 kwenda 488, na kipimo kinachosaka 474 kinapita bila kuona kitu. Wapo asetildenafili, thio-homosildenafili, na upande wa tadalafili wapo aminotadalafili na nortadalafili. Anayekagua vizuri haangalii tu kama sildenafili ipo. Anatazama kila kilele kwenye mchoro wa mashine chenye umbo la mwanga linalofanana na la sildenafili hata kama kimetoka kwa muda tofauti, kisha anakipeleka kwenye mashine ya kupima uzito wa molekuli.

Kwa mgonjwa, binamu hawa ni wabaya kuliko sildenafili yenyewe. Kemikali hizi hazijapita majaribio ya binadamu. Hakuna anayejua zinakaa mwilini saa ngapi, wala zinaifanya nini ini. Ile saa 48 aliyoitaja Mfamasia imepimwa kwa tadalafili, haijapimwa kwa hizi.

Mambo mawili ambayo watu wa kaunta hudanganywa nayo.

La kwanza ni cheti. Muuzaji anakuonyesha karatasi ya maabara, kweli kabisa, yenye mhuri, inasema bidhaa ni salama. Isome mstari kwa mstari. Mara nyingi utakuta wamepima unyevu, bakteria, ukungu, risasi na zebaki. Hakuna aliyeomba kupimwa sildenafili, kwa hiyo haikupimwa. Maabara hujibu kile ilichoulizwa.

La pili ni kipakiti kimoja kuwa safi. Mtu anayechanganya unga wa mizizi na dawa kwenye beseni kwa mwiko hawezi kuisambaza sawasawa. Dawa inajikusanya mafungu mafungu. Kutoka boksi hilo hilo kimoja kinakuwa na kidogo sana na cha jirani yake kinabeba dozi ya watu wawili. Ndiyo sababu unasikia "nimetumia mara tano bila tatizo". Mara tano zile hazisemi lolote kuhusu ya sita. Na jina "vumbi la Kongo" lisikuzubaishe: ni jina la sokoni, halina fomula. Wauzaji kumi wana unga wa aina kumi.

Ila kuna mzizi halisi unaotoka misitu ya Kameruni, Gaboni na Kongo, gome la yohimbe, ambalo lina dawa yake yenyewe, yohimbini. Hii ni asili kweli na bado ni hatari kwa mtu wa presha, kwa sababu hufanya kinyume cha sildenafili: hupandisha presha, huharakisha mapigo ya moyo, huleta wasiwasi na kukosa usingizi. Kuwa mmea si kinga ya kitu.

---

Sista_Mapokezi:

Nyongeza kutoka upande wa wagonjwa wa dharura, maana mnazungumzia moyo tu na kuna kingine kinachoua kimya kimya: sukari kushuka.

Mwaka 2008 Singapore walianza kupokea wanaume wasio na kisukari wakiwa wamepoteza fahamu, sukari imeshuka vibaya. Kati ya 1 Januari na 26 Mei walilazwa 150 katika hospitali tano. 7 walibaki kwenye koma na 4 walifariki. Ndani ya bidhaa za nguvu za kiume walizokuwa wametumia, zikiwemo Cialis bandia, ilikutwa glibenklamidi, dawa ya kisukari, kati ya 13 na 100 mg. Kidonge chake cha kawaida kina 5 mg. Glibenklamidi haimsaidii mwanamume kwa lolote kitandani. Inadhaniwa iliingia humo kwa uchafu au kosa la kiwandani tu. Jikoni mwa dawa za uchochoroni kinachookwa leo ni cha nguvu, jana kilikuwa cha kisukari, na sufuria ni lile lile.

Kwa hiyo mwanamume akiletwa amezimia, ameloa jasho, anaongea ovyo au anatetemeka, pima sukari ya kidole hata kama ndugu wanaapa hana kisukari. Na kwa mgonjwa wa Kaunta_Pili angalia hili: atenololi huficha mapigo ya moyo kwenda mbio na kutetemeka, ambazo ndizo ishara watu wanazozijua. Jasho haifichi. Jasho jingi la baridi kwa mtu wa atenololi lichukulie kuwa sukari imeshuka mpaka kipimo kikanushe.

Akiwa ana fahamu na anameza, mpe vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, pima tena baada ya dakika 15. Akiwa hana fahamu usimmiminie kitu mdomoni, usimpake asali kwenye fizi ukidhani unamsaidia. Mlaze ubavu na mkimbize. Hospitali: dekstrosi ya 10% mililita 250 kwa dripu, au ya 50% mililita 50 kama ndiyo iliyopo na mshipa ni mzuri. Kosa linalofanyika ni kumwamsha na kumruhusu. Glibenklamidi hufanya kazi siku nzima na zaidi, na sukari uliyomwaga kwenye mshipa inachochea kongosho kutoa insulini tena, kwa hiyo baada ya saa mbili tatu anazama upya, safari hii akiwa nyumbani amelala na kila mtu anadhani amepumzika. Alazwe angalau saa 24, sukari ipimwe kila saa mwanzoni, ale. Ikiendelea kushuka, oktriotaidi 50 hadi 100 mikrogramu chini ya ngozi kila baada ya saa 6 hadi 12 ndiyo inayoifunga kongosho.

Upande wa kifua: mwanamume akija na maumivu ya kifua, swali la kipakiti linatangulia kidonge cha chini ya ulimi. Aspirini mpe, oksijeni kama inahitajika, kipimo cha moyo kichukuliwe, lakini naitreti isubiri jibu. Presha ikiwa imeporomoka, laza chali, inua miguu, dripu ya chumvi. Isiposhika, noradrenalini ya kupandisha presha na uangalizi wa karibu.

Na uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala, unauma, ni dharura kama mfupa uliovunjika. Damu iliyonaswa haina oksijeni na misuli ya ndani huanza kufa. Akisubiri hadi asubuhi kwa aibu anaweza asisimamishe tena maisha yake yote. Daktari huivuta damu kwa sindano na kuchoma fenilefrini, dawa ya kubana mishipa, kwa dozi ndogo ndogo huku presha ikiangaliwa. Wenye selimundu wako kwenye hatari hii zaidi, na kwetu ni wengi. Huyo asiwekewe barafu.

---

Kaunta_Pili:

Asanteni sana wakuu. Sista, tatizo langu ni hilo swali lenyewe. Mzee wa watu amekaa na mkewe, au na kijana wake aliyemleta. Ukimuuliza "umetumia dawa za nguvu?" anasema hapana, na anakukasirikia. Mnaulizaje?

Na la pili: wapo wateja wanaotumia ARV. Hao nao wapo kwenye hatari hiyo hiyo au ni tofauti?

---

Sista_Mapokezi:

Kwanza mtoe aliyemsindikiza. "Mama, naomba utusubiri nje dakika mbili, nampima baba." Usiulize mbele yake kabisa.

Pili, usitaje neno dawa, maana yeye anaamini hakutumia dawa na atakuwa hajasema uongo. Usitaje na nguvu za kiume mwanzoni. Sema hivi: "Mzee wangu, kuna dawa ya moyo nataka kukupa sasa hivi. Inaweza kukuangusha ikikutana na asali ya kipakiti, kahawa ya mwili, unga wa mizizi au kidonge chochote cha kuongeza mwili nguvu. Ndani ya siku hizi tatu umeonja chochote katika hivyo?" Umetaja sababu kabla ya swali, umemtajia vitu vya kuchagua, na hukumtia aibuni. Ukiona anasita, hilo ni jibu: usimpe naitreti. Usiandike kwenye faili maneno yatakayomdhalilisha ndugu akisoma. Andika aina ya bidhaa na saa aliyoitumia.

---

Mfamasia_wa_Zamu:

Kuhusu ARV, inategemea mchanganyiko. Wengi sasa wako kwenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Huo haugusi sana sildenafili. Hatari ni kwa walio kwenye mstari wa pili wenye ritonaviri ndani, yaani atazanaviri au lopinaviri iliyoambatanishwa na ritonaviri. Ritonaviri hufunga kimeng'enya cha ini kinachosafisha sildenafili, na kiasi cha sildenafili kinachopita mwilini huongezeka mara 11. Ndiyo maana kwa mtu wa ritonaviri kikomo ni 25 mg ndani ya saa 48, na kwa tadalafili 10 mg ndani ya saa 72. Mtu huyo akilamba kipakiti chenye 80 mg, mwili wake unapokea kama aliyemeza vidonge nane au tisa vya 100 mg.

Kimeng'enya hicho hicho hufungwa na ketokonazoli na itrakonazoli za fangasi, na klarithromisini na erithromisini. Erithromisini tunaiuza kila siku. Kwa hiyo swali la kipakiti si la wagonjwa wa moyo pekee.

Ishara za dukani, kwa kuwa uliuliza, ni hizi ninazoziamini: inaahidi dakika au saa, inauzwa kwa dozi moja moja, lebo inasema haina madhara lakini chini kwa herufi ndogo inakataza wenye moyo na presha (mzizi usio na kitu ungewakataza kwa nini?), haina jina la mtengenezaji lenye anwani inayofuatika, na mtumiaji anasema uso ulimwaka, pua ikaziba, kichwa kikamuuma, au aliona rangi ya buluu kwenye taa. Hiyo buluu ni sildenafili kugusa kimeng'enya cha jicho. Maumivu ya mgongo na mapaja kesho yake ni tadalafili. Mwili wa mteja unakusomea lebo ambayo mtengenezaji hakuiandika. Akiona giza ghafla jicho moja, au sikio kuziba ghafla, huyo ni wa hospitali siku hiyo hiyo.

---

Dr_Kliniki_ya_Jioni:

Niongeze upande ambao unanisumbua zaidi, maana mazungumzo haya yakiisha kwa "usitumie" tutakuwa tumemwacha mzee na shida yake.

Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo. Uchafu wa mafuta na kisukari huziba myembamba kwanza. Mwanamume wa miaka 58 mwenye presha ambaye ameanza kulegea, mara nyingi moyo wake unafuata njia hiyo hiyo miaka michache baadaye. Asali ya kipakiti inazima king'ora huku nyumba ikiungua. Akija kliniki tunafanya mambo ya kawaida: presha akiwa amekaa na akiwa amesimama, sukari akiwa hajala (milimoli 7.0 kwa lita kwenda juu, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari), mafuta ya damu, figo, na testosteroni iliyochukuliwa asubuhi kama hamu yenyewe imekwisha. Tunauliza usingizi, pombe, sigara, msongo, na kama bado anasimama alfajiri. Anayesimama alfajiri lakini anashindwa na mwenzi wake, mishipa yake inafanya kazi. Shida iko kwingine na dawa ya mishipa siyo jibu la kwanza.

Kisha dawa zake. Atenololi inajulikana kulegeza, na haidroklorothaiazidi vilevile. Kama hakuna sababu ya moyo ya kuwa kwenye atenololi, daktari anaweza kuibadilisha kwa losatani au dawa nyingine ya presha, na kuna wanaorudi sawa kwa hilo tu. Asiiache mwenyewe ghafla. Atenololi ikikatwa siku moja moyo unaweza kurudi kwa kasi na kifua kubana.

Akihitaji sildenafili, apewe sildenafili: 25 mg, imeandikwa, kutoka famasia, kwa mtu ambaye moyo wake unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kifua kubana, na ambaye hana naitreti. Sildenafili zisizo za Viagra zimekuwepo miaka mingi na bei yake imeshuka. Mwambie alinganishe na bei ya kipakiti anachonunua. Wengi wanalipa zaidi kwa kitu wasichokijua.

---

Kaunta_Pili:

Nimeelewa, Daktari, asante. La mwisho: nikipata bidhaa ninayoishuku, naripoti wapi? Nikienda kwa watu wa chakula wananiambia ni dawa, kwa watu wa dawa wananiambia ni asali.

---

Benchi_la_Maabara:

Mkanganyiko huo una chanzo. Hapa Tanzania, tangu 2019 kazi ya chakula na vipodozi ilihamia TBS, Shirika la Viwango, na iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ikawa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Dawa za asili zina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mchakachuaji anakaa katikati ya milango hiyo mitatu. Wewe simamia jambo moja: chochote kinachodaiwa kutibu, au kinachoshukiwa kuwa na dawa ndani, kipeleke TMDA, na kama kimeuzwa kama tiba asili lipe Baraza taarifa pia. Zanzibar ni ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa huko. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Kama kuna mtu aliyedhurika, jaza fomu ya njano ya madhara ya dawa hata kama kilichoandikwa kwenye boksi ni "asali". Andika jina kama lilivyo, kila herufi.

Sampuli ndiyo hukosewa. Usimimine kwenye chupa nyingine, usionje, usikate lebo. Weka kipakiti na boksi lake pamoja kwenye mfuko safi wa plastiki, funga, andika tarehe, mahali kiliponunuliwa na namba ya toleo. Piga picha pande zote kabla hujafunga. Vikiwepo vipakiti vitatu au vinne ambavyo havijafunguliwa kutoka boksi hilo, leta vyote, kwa sababu ya yale mafungu mafungu niliyoeleza. Na kama kilichobaki ni kipakiti kitupu alichokinywa mgonjwa, usikitupe kwenye pipa la wodi. Mabaki yaliyoganda kwenye kona yanaweza kutosha kwa kipimo.